Je, ardhi ya Dodoma inaweza kupoza tangi la samaki wa maji ya chumvi?

Swali: Ninaishi Kisasa, Dodoma, na nina tangi la lita 300 la maji ya chumvi lenye samaki wachache na matumbawe laini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mvua zinapoanza, maji hufika digrii 30, na siku nyingine 31, ifikapo saa kumi jioni, na matumbawe hujikunyata. Fundi bomba amependekeza tuchimbe mfereji wa mita 30 uani, kina cha mita moja na nusu, tulaze bomba jeusi la plastiki na kuyapitisha maji ya tangi humo ili ardhi iyapoze bila mashine. Je, itatosha? Na je, bomba la shaba lisingekuwa bora zaidi, kwa kuwa shaba hupitisha joto vizuri?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lile uliloliuliza. Mfereji wa mita 30 katika udongo mkavu wa Dodoma utashusha joto la alasiri kwa takribani digrii moja, pengine moja na nusu, na hautakufikisha kwenye digrii 26 ambazo nadhani ndizo unazozilenga. Bomba la shaba usilitumie kwa hali yoyote ile. Kabla fundi hajaanza kuchimba, nakushauri usome maelezo yanayofuata, kwa sababu mji unaoishi una chanzo kingine cha baridi chenye nguvu kuliko ardhi yake, nacho hakihitaji jembe wala sururu.

Fundi wako hakukurupuka. Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, ardhi iliyo mita chache chini huwa na takribani digrii 10 mwaka mzima, na mtu anayetaka maji yake yabaki kwenye digrii 25 anakuwa na tofauti ya digrii 15 ya kufanyia kazi. Joto huhama kutoka palipo na joto zaidi kwenda palipo na joto pungufu, na kasi ya kuhama hutegemea ukubwa wa tofauti hiyo. Ikiwa ni digrii 15, hata bomba fupi lililolazwa ovyo litaonyesha matokeo. Michoro na video za mifumo hiyo hutufikia sisi bila hali ya hewa ya huko ilikotoka.

Ardhi ya kina kifupi haipati joto lake kutoka tumboni mwa dunia. Wanaotafuta jotoardhi la kuzalishia umeme, kama ilivyo katika miradi ya Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, hulifuata joto la maeneo ya volkano kwa visima virefu, na jambo hilo halituhusu hapa. Katika mita chache za juu, mwamuzi ni jua. Kanuni ambayo wahandisi huitumia ni kwamba, kwenye kina cha mita 10 hivi, joto la ardhi huacha kubadilika kwa misimu na hukaribiana na wastani wa joto la hewa wa mwaka mzima wa mahali hapo, likizidi kwa digrii moja hadi tatu pale ambapo ardhi iko wazi na inapigwa na jua. Wastani wa mwaka wa Dodoma ni takribani digrii 23. Kwa hiyo, chini ya uwanja wako tarajia digrii 24 hadi 26, na kama ua ni mtupu, hauna mti wala nyasi, usishangae ukikuta zaidi ya hapo. Ukitaka maji yawe na digrii 26, umebakiwa na tofauti ya digrii moja au mbili, na pengine huna tofauti yoyote.

Kuna jambo moja linalompa fundi wako haki kwa sehemu. Joto la msimu huzama ardhini polepole, na kwenye kina cha mita mbili hufika likiwa limechelewa takribani miezi miwili, huku ukubwa wa mabadiliko yake ukiwa umebaki kama theluthi moja ya ule wa juu. Dodoma hupoa zaidi mwezi Julai, wastani wa mwezi ukiwa karibu na digrii 20, na hupata joto zaidi mwezi Novemba, wastani ukiwa karibu na digrii 25. Maana yake ni kwamba katika Oktoba, wakati hewa imeshapanda, ardhi ya mita mbili bado iko katika hali ya Agosti. Faida hiyo ni ya kweli, ila ni ndogo: tofauti ya misimu ya Dodoma ni digrii tano tu, na theluthi yake haifiki hata digrii mbili kutoka kipindi cha baridi kabisa hadi cha joto kabisa. Joto la mchana na usiku, kwa upande wake, huishia katika nusu mita ya kwanza, ndiyo maana kina cha mita moja na nusu kinatosha kulikwepa jua la siku, lakini hakitoshi kulikwepa jua la mwaka.

Usiniamini mimi wala fundi katika namba hizi, maana ua wako una kivuli chake na udongo wake, na kupima ni kazi nyepesi. Toboa tundu jembamba lenye kina cha mita mbili kwa chombo cha kutobolea udongo, na uingize humo bomba la plastiki lililozibwa upande wa chini. Chukua chupa ndogo ya plastiki, ijaze maji, tumbukiza ndani yake kipimajoto chembamba, ifunge kamba na uishushe hadi chini. Kisha ziba mdomo wa bomba kwa matambara ili hewa isipenye. Iache kwa siku nzima. Maji yaliyomo kwenye chupa hayabadiliki joto upesi, kwa hiyo utakapoivuta utakuwa na dakika moja au mbili za kusoma kipimo kabla hewa ya nje haijakipotosha. Fanya hivyo Oktoba, na urudie Januari, kwa kuwa huo ndio wakati ambao joto la Novemba linakuwa linafika chini. Kama tofauti kati ya kipimo hicho na joto unalolitaka tangini haifiki digrii tatu, mfereji haufai kugharimiwa.

Tuseme umepima na kupata digrii mbili za tofauti. Bomba la milimita 25 lililozikwa mita moja na nusu katika udongo mkavu wa kichanga hupitisha takribani nusu wati kwa kila mita, kwa kila digrii moja ya tofauti. Mita 30 ni wati 15 kwa kila digrii, na kwa digrii mbili ni wati 30. Pampu ya kuyasukuma maji katika bomba lote hilo na kuyarudisha itatumia wati 20 hadi 30, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia ndani ya maji yenyewe ikiwa joto. Ukipiga hesabu ya mwisho, karibu chote ambacho ardhi inakitoa, pampu inakirudisha. Maji yakiwa na digrii 31 tofauti ni kubwa zaidi na bomba hufanya kazi zaidi, na ndiyo sababu nimekuambia utapata nafuu ya digrii moja au moja na nusu wakati wa alasiri; lakini kadiri maji yanavyokaribia joto unalolitaka, ndivyo mfumo unavyolegea, hadi unafika mahali hauongezi kitu.

Kikwazo kikubwa katika hesabu hiyo ni udongo. Mchanga mkavu ni kizuizi kizuri cha joto: uwezo wake wa kulipitisha ni kama theluthi moja au robo ya ule wa udongo uliolowa, na Dodoma haipati mvua ya maana kuanzia Mei hadi Novemba. Isitoshe, bomba lenye joto huusukuma unyevu mbali nalo, hivyo udongo unaolizunguka huzidi kukauka kadiri unavyolitumia. Kama kiwanja chako kina udongo mweusi wa mbuga, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa udongo huo hupasuka wakati wa kiangazi na kuliacha bomba likiwa limezungukwa na hewa. Kwa sababu hiyohiyo, swali la bomba la shaba linajibika hata kabla ya kufikia sumu yake: ukuta wa bomba la plastiki ni mwembamba, na kizuizi chake ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha udongo mkavu ulio nje yake. Kubadilisha plastiki kuwa shaba kungekuongezea asilimia chache tu kwa gharama kubwa.

Sumu yenyewe haina mjadala. Shaba ikiyeyuka katika maji ya chumvi huwaua matumbawe, anemoni, kamba na konokono kwa viwango vidogo mno, na maji ya chumvi huila shaba bila kukoma. Samaki huvumilia kidogo, ndiyo maana dawa zenye shaba hutumika kutibu baadhi ya vimelea vya samaki katika tangi la karantini, lakini katika tangi lenye matumbawe hazitiwi kamwe. Onyo hilo linahusu pia viungio na koki za shaba nyeupe na njano ambazo fundi anaweza kuziweka bila kukuambia, kwa mazoea ya kazi zake za maji ya kawaida. Kila kinachogusa maji ya tangi kiwe plastiki, kioo au, kwa mashine za kupozea zilizotengenezwa mahsusi, titani.

Sipendi pia wazo la kuyapitisha maji ya tangi lenyewe ardhini. Bomba la mita 30 la kipenyo hicho hubeba takribani lita tisa. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, maji hayo yanabaki gizani, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo, na yakikaa muda mrefu huanza kutoa harufu ya mayai viza. Umeme unaporudi, pampu inayasukuma yote kwa mkupuo hadi walipo samaki. Bomba likipasuka chini ya ardhi, utapoteza maji ya chumvi uliyoyatengeneza kwa gharama, na hutajua mpaka kina cha tangi kishuke. Njia salama ni mzunguko uliofungwa: maji safi ya kawaida yanazunguka ardhini, na yanabadilishana joto na maji ya tangi kupitia koili ya plastiki iliyozamishwa kwenye sampu, yaani lile tangi dogo la ndani ya kabati ambalo maji huchujwa humo. Lakini koili nayo inahitaji tofauti yake ya joto ili ifanye kazi, na kwa kuwa tofauti uliyo nayo ni ya digrii mbili kwa jumla, ukiigawa kati ya koili na udongo hakuna upande utakaotosheka. Usalama na nguvu ya kupoza, katika mji huu, vinavutana.

Kabla sijafika kwenye kile ninachokipendekeza, kuna mazingira mawili ambamo ardhi inaweza kukusaidia. La kwanza ni kama una kichanja cha mizabibu kinachomwagiliwa, jambo ambalo si geni kwa nyumba za Dodoma. Udongo ulio chini ya kichanja hicho una kivuli, una unyevu mwaka mzima, na maji yanayovukizwa na majani na ardhi huupoza zaidi. Bomba lililolazwa hapo hupitisha joto mara tatu zaidi ya lile lililolazwa katikati ya uwanja mkavu, na linaweza kukutana na ardhi iliyo baridi zaidi kwa digrii mbili au tatu. Maji uliyofulia yakielekezwa huko yanatosha kuudumisha unyevu.

La pili ni bora zaidi, nalo ni tangi la zege la chini ya ardhi la kuhifadhia maji ya nyumbani, ambalo wengi wamelijenga kwa sababu ya mgao wa maji. Lita 10,000 za maji yaliyo chini ya ardhi, yenye kifuniko na kivuli, ni hazina kubwa ya baridi: ukiyatupia wati 100 za joto usiku na mchana, yatapanda kwa takribani digrii 0.2 tu kwa siku, na kuta za tangi pamoja na maji mapya yanayoingia kila mnapoyatumia huliondoa joto hilo. Maji hugusa koili pande zote bila kukauka kama udongo. Kwa makadirio yangu, koili ya mita 20 ya mpira mwembamba wa plastiki wa milimita 10 katika sampu, na nyingine kama hiyo katika tangi la chini, hupitisha takribani wati 40 kwa kila digrii ya tofauti, dhidi ya wati 15 za mfereji. Igawe kila koili katika matawi manne ya mita tano yanayokwenda sambamba, la sivyo pampu ndogo itashindwa kusukuma maji katika mpira mmoja mrefu. Tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na ndani ya mzunguko weka maji safi matupu bila dawa yoyote, ili ukivuja usidhuru familia wala samaki. Maelezo haya hayalihusu simtanki jeusi lililo juu ya mnara. Hilo mchana wa Oktoba litakuchemshia samaki.

Sasa nije kwenye chanzo cha baridi nilichokitaja mwanzoni. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,120, na hewa yake ya kiangazi ni kavu kiasi kwamba maji huvukizwa kwa kasi popote yanapokutana na upepo. Lita moja ya maji inapogeuka mvuke huondoka na joto la takribani kilojuli 2,430, ambalo likigawanywa kwa siku nzima ni sawa na wati 28 zinazotolewa bila kukoma. Tangi lako likipoteza lita nne kwa siku, hizo ni wati 112, yaani karibu mara nne ya mfereji mzima wa mita 30 kwa tofauti ya digrii mbili. Feni mbili ndogo za kompyuta zinazopuliza juu ya uso wa maji, zikitumia wati zisizozidi 10 kwa pamoja, zinaweza kukufikisha hapo.

Kiwango cha chini ambacho maji yanaweza kufikia kwa kuvukizwa hupimwa kwa kipimajoto ambacho ncha yake imefungwa kitambaa kilicholowa na kupepewa. Alasiri ya Oktoba, hewa ikiwa na digrii 31 na unyevu wa asilimia 30, kipimo hicho husoma takribani digrii 19. Hiyo ni digrii saba chini ya lengo lako, wakati ardhi inakupa moja au mbili. Dar es Salaam, hewa ikiwa na digrii 32 na unyevu wa asilimia 70, kipimo hichohicho husoma karibu digrii 27, na ndiyo sababu wafugaji wa samaki wa pwani watakuambia kwamba feni haisaidii kitu na kwamba lazima ununue mashine. Kwao ni kweli. Ni kama mtungi wa maji wa udongo, ambao Dodoma huyapoza maji hadi yakakata kiu, na pwani huyaacha yakiwa vuguvugu. Hata katika miezi ya mvua, Januari hadi Machi, hewa ya Dodoma ikiwa na digrii 28 na unyevu wa asilimia 65, kipimo cha kitambaa hubaki karibu digrii 23, kwa hiyo feni hupungua nguvu lakini haziwi bure.

Mpangilio wa feni una maana kuliko idadi yake. Mfuniko wa kioo uondolewe na badala yake uwekwe wavu, ili samaki wasiruke nje na mvuke upate pa kutokea. Feni zielekezwe kwa mshazari, zikipuliza hewa iupitie uso wa maji kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kabati la sampu liwe na matundu mapana pande mbili, maana mvuke uliofungiwa ndani ya kabati huifanya hewa ya humo iwe kama ya pwani, na hapo faida yote hupotea. Chumba nacho kiwe na dirisha wazi au tundu la hewa. Ziunganishe feni na themostati inayoziwasha maji yakipita digrii 26.5 na kuzizima yakishuka chini ya 26. Bila hiyo, usiku wa Julai, nje kunapokuwa na digrii 13 au 14, utaamka ukute maji yamepoa kupita kiasi. Hita unaihitaji Dodoma, hata kama miezi ya Oktoba na Novemba inakusahaulisha.

Gharama ya njia hii ni maji, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Chumvi haivukizwi. Ukipoteza lita nne kwa siku na usizirudishe, ndani ya wiki moja chumvi hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi zaidi ya 38, na matumbawe yatateseka kwa hilo kuliko kwa joto. Unapaswa kurudisha maji yasiyo na chumvi, kidogokidogo kila siku, na ni vyema ukanunua kifaa chenye boya au kihisi kinachojaza chenyewe. Maji ya kujazia yasiwe ya bomba. Mji wa Dodoma hutegemea kwa sehemu kubwa visima, vikiwemo vya bonde la Makutupora, na maji ya visima vya kanda hii huwa magumu, yakiwa na madini mengi yaliyoyeyuka. Kwa lita nne kwa siku, kila mwezi utakuwa umeingiza madini ya lita 120 ndani ya tangi la lita 300, na yote yatabaki humo baada ya maji kuondoka. Tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa utando, ule ambao wengi huuita RO, na kipimo cha madini kisome sifuri au karibu yake. Maji yanayotupwa na mtambo huo yasimwagwe. Mimea inayoyavumilia itayapokea.

Kabla hata ya feni, punguza joto linaloingia. Lita 300 za maji ya bahari hupanda karibu digrii 0.3 kwa saa zikipokea wati 100 zisizo na pa kutokea. Taa ndizo mchangiaji mkubwa, na hakuna sheria inayosema ziwake mchana: ziwashe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa sita usiku, wakati chumba kinapoa, na matumbawe yatazoea ratiba hiyo baada ya siku kadhaa. Tangi lisikae kwenye ukuta wa magharibi, ambao matofali yake hupigwa na jua alasiri yote na kuendelea kutoa joto hadi usiku. Kama nyumba ina bati bila dari katika chumba hicho, dari itakusaidia kuliko mfereji. Pampu zenye nguvu kupita mahitaji zibadilishwe, kwa kuwa kila wati inayotumika ndani ya maji ni joto.

Ningependa pia ulitazame upya lengo lako. Bahari ya pwani ya Tanzania huwa na takribani digrii 25 mwezi Agosti na Septemba, na hufika 29 hadi 30 karibu na Machi. Samaki na matumbawe ya asili ya huko hayadhuriki kwa digrii 27. Yanadhurika pale joto linapozidi kiwango walichokizoea cha mwezi wa joto kabisa, hata kwa digrii moja tu, na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa, kama ilivyotokea mwaka 1998 matumbawe yalipopauka kwa wingi katika pwani yetu, Mafia ikiwemo. Digrii 27 zisizoyumba ni bora kuliko 25 za asubuhi na 29 za jioni. Ukikubali 27, kila njia niliyoitaja inapata tofauti kubwa zaidi ya kufanyia kazi, na tangi la chini ya ardhi, kama unalo, huenda likatosha lenyewe pamoja na feni.

Kuhusu mashine ya kupozea, inunue kama akiba iwapo una matumbawe magumu ya thamani. Iweke nje ya chumba, kivulini, kwa kuwa inatupa hewani joto lote inalolitoa majini pamoja na lile la umeme wake, na ikiwa chumba kimoja na tangi inajikimbiza yenyewe. Kwa kweli, mashine kama hizo ndizo ambazo ardhi ya Dodoma ingezifaa: upande wake wa kutupa joto hufika digrii 40, na hapo ardhi ya digrii 25 inatoa tofauti ya digrii 15, sawa na ile ya Ulaya, kiasi kwamba hata mita 25 za bomba katika udongo mkavu zinaweza kupokea karibu wati 200. Ila mashine nyingi ndogo zinazouzwa hupozwa kwa feni, na kuzibadilisha si kazi ya fundi wa kawaida. Vifaa vyote vya umeme vinavyogusa maji ya chumvi viwe nyuma ya swichi inayokata umeme mara unapovuja.

Linabaki suala la umeme kukatika, ambalo Dodoma lina uzito wa pekee kwa sababu ya mwinuko. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa takribani asilimia 12 kuliko pwani, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiwango hichohicho. Maji ya bahari ya digrii 25, usawa wa bahari, hubeba miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita. Dodoma hubeba karibu 5.9, na yakifika digrii 30 hushuka hadi 5.4. Samaki wako, kwa hiyo, wana akiba ndogo kuliko ndugu zao wa Dar es Salaam, na wakati huohuo joto linawafanya wahitaji oksijeni zaidi. Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, na chupa mbili tatu za maji matamu zilizogandishwa, zikiwa zimefungwa vizuri, za kuelea kwenye sampu bila kulishusha joto kwa zaidi ya digrii moja kwa saa. Ukikuta samaki wamekusanyika juu wakihema kwa haraka, washa hewa kwanza, na chupa za barafu zifuate baadaye.